Doncaster: muji wa migodi uliokiacha chama chake

Tarehe 1 ya mwezi wa tano mwaka 2025, sisi hapa tulivaa mashati ya sendika, tulifanya defile, tulisikiliza maneno ya wakubwa mbele ya tribune, kisha kila mutu akarudi kwake, na wengine wakapita kwanza kwenye nganda. Siku ile ile, watu wa Doncaster, muji wa migodi ya zamani mu Uingereza, hawakuwa na konji. Kwao sikukuu ya kazi inaanguka siku ingine. Ilikuwa siku ya ine, na siku ya ine njo siku yao ya kupiga kura. Wengine walipita asubui mbele ya kazi, wengine jioni, na wakachagua meya wao na washauri 55 wa baraza lao. Kesho yake, wakati wa kuhesabu, chama cha Labour, maana yake chama cha Kazi, kiliangushwa mu nyumba yake mwenyewe.

Matokeo ni haya. Mu baraza, chama kipya cha Reform kilipata viti 37. Labour 12. Conservative, chama cha matajiri wa zamani, 6. Basi. Wale 12 wa Labour wanabaki sawa na watu waliokuja kutembelea, na jana yake tu walikuwa wenye nyumba. Kwa meya, ni mama Ros Jones wa Labour aliyeokoka: kura 23,805, na mupinzani wake Alexander Jones wa Reform kura 23,107. (Wote wawili wanaitwa Jones, musichanganye.) Ukitoa, unabaki na kura 698. Watu 698, bandugu! Ni posti moja ya usiku mu mugodi mukubwa. Kama posti moja ingebaki kulala, muji wote ungebadilisha mukono.

Nilipoonyesha hesabu hizi kwa muzee mumoja wa kambi yetu, mutu wa retrete, aliniangalia tu. Akasema: «Delege, unatuletea mambo ya Waingereza juu ya nini? Italeta maji kwenye bomba?» Nilicheka, lakini swali lake lilinifuata mupaka nyumbani. Bomba ya maji ni kazi ya nani? Taa ya njia, soko, shimo la takataka, shule ya watoto, ni kazi ya nani? Kule Doncaster wanajua jina lake, na njo yeye walimuazibu. Sisi hapa hata jina hatulijue. Kwa ile tu, ninaona muzee angepashwa kunisikiliza mupaka mwisho.

Tuseme kwanza Doncaster ni wapi. Ni kaskazini ya Uingereza, mu Yorkshire ya kusini. Ile wanayoiita borough si muji peke yake: ni muji pamoja na miji midogo na vijiji vinavyouzunguka, vyote chini ya baraza moja, vimegawanywa mu kata 21, na kila kata inatuma washauri wawili ao watatu. Na ile vijiji, ungezaliwa kambini sawa mimi, ungeijua bila kuonyeshwa. Bentley, Askern, Edlington, Rossington, Armthorpe, Conisbrough, Stainforth: kila mahali, walitoboa shimo kwanza, kisha wakajenga nyumba za mistari, zote zinafanana, za kampani. Wakachimba makaa ya mawe, sawa ile ya Luena kwetu, lakini chini sana na mingi sana. Pembeni ya mugodi wakajenga serkle ya wafanyakazi, na uwanja wa mupira, na fanfare ya mugodi. Vitu hivi havikuanguka toka mbinguni. Wachimbaji wenyewe walikatwa kidogo kidogo kwenye mushahara juu ya kuvilipa.

Na walilipa na damu pia. Mu 1912, mugodi wa Cadeby, karibu na Conisbrough, ulilipuka. Walioteremuka juu ya kuokoa wenzao wakakutwa na mulipuko wa pili. Watu 91 walikufa. Mu 1931 mugodi wa Bentley nao ulilipuka, 45 wakafa. Sisi wenye kujua Kamoto ya 1990, hatuna lazima ya kuelezwa namna wamama wanasimama kwenye lango la mugodi na kungojea.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wengi hawalijue, hata Waingereza wamoja. Chama cha Labour, kinachotawala Uingereza leo, mbegu yake ilitoka Doncaster. Mu 1899, wafanyakazi wa reli wa tawi la Doncaster, kwa wazo la mwenzao Thomas Steels, waliandika ombi: sendika zote za inchi zikutane, zitafute namna wafanyakazi wenyewe wawe na watu wao mu bunge, wasiendelee kuomba-omba mulangoni mwa vyama vya matajiri. Ombi likapandishwa, sendika zikalikubali, na mu mwezi wa pili 1900 wakakutana London na kuanzisha ile iliyokuwa Labour. Ni tawi moja la sendika ndani ya muji wa mukoa! Si profesa, si muzungu wa ofisi. Wafanyakazi wa reli wakiwa na karatasi moja.

Ile karatasi ilizaa matunda. Mu 1945 Labour ilikamata serikali, na tarehe 1 ya mwezi wa kwanza 1947 migodi yote ya makaa ikawa ya taifa. Wachimbaji walikuwa karibu 700,000 wakati ule. Toka pale, mu vijiji vya Doncaster, kupigia Labour haikuwa tena kuchagua. Ilikuwa kama kubatizwa. Baba alipigia, mutoto alipigia, na mutu aliyesimama kwa jina la Labour alishinda hata kama alikuwa amelala.

Na wamoja walilala kweli. Wengine hawakulala, waliiba. Mu miaka ya 1990 ilionekana kwamba washauri wa Doncaster walikuwa wanadai pesa za safari za bure, chakula na mambo ingine. Zaidi ya 20 kati yao walihukumiwa na tribinali. Mu 2009 watu walikasirika mupaka wakachagua meya wa chama kidogo kabisa ambacho hata mu inchi yao wachache wanakijua. Ros Jones alirudisha kiti mu 2013, naye pale pia kwa tofauti ya chini ya kura 1,000. Ndiyo kusema alama ya hatari iliwaka zamani. Ukiona jiwe la juu linaanza kulia mu galeri, hungoje lianguke juu ya kuandika raporti.

Lakini wizi wa washauri hauelezi yote. Lazima turudi mu shimo.

Mu mwezi wa tatu 1984 serikali ya Margaret Thatcher ilitaka kufunga migodi mingi, na sendika ya wachimbaji, NUM, ikasimamisha kazi. Baba yangu alikuwa anatuambia namna walivyofuata ile habari ku redio, wao mafundi wa hapa, na kushangaa kwamba mutu anaweza kukaa mwaka muzima bila mushahara. Mwaka muzima, ndiyo. Wamama wa vijiji walipika chakula mu maserkle, watoto wakala pamoja. Tarehe 3 ya mwezi wa tatu 1985 sendika ikaamua kurudi kazini bila mukataba wowote. Walishindwa. Kisha mashimo yakaanza kufungwa moja moja, sawa mutu anayezima taa za nyumba mbele ya kulala: Yorkshire Main mu 1985, Cadeby mu 1986, Brodsworth mu 1990, Bentley mu 1993. Hatfield Main ilikuwa ya mwisho, mu 2015. Ile ya Hatfield inaniuma zaidi, sababu ku mwisho ilikuwa mali ya wafanyakazi wenyewe, na sendika iliwakopesha pesa juu ya kuiokoa. Haikuweza. Bei ya makaa ilianguka, viwanda vya umeme vikaacha kununua, na shimo likafungwa na makaa bado ndani.

Mutakumbuka hapa kwetu neno moja: cobalt. Mu mwezi wa pili 2025 serikali yetu ilisimamisha kuitoa mu inchi juu bei ilikuwa chini sana. Sisemi walifanya mubaya ao muzuri, ile ni article ingine. Ninasema tu kwamba mawe yetu pia yanaweza kubaki chini, hata kama yako mingi.

Kisha mugodi kufungwa, nini kinakuja? Kule Doncaster yalikuja madepo. Madepo makubwa sawa viwanja vya ndege, karibu na njia kubwa za magari na reli. Karibu na Rossington, pale watu walikuwa wanateremuka shimoni, leo iko ile wanaiita iPort, na Amazon ina madepo yake mu muji. Kazi iko, mutu asidanganye kwamba hakuna kazi. Lakini angalia ni kazi gani. Mukononi una mashini ndogo inayohesabu hatua zako. Wengi wanaingia kupitia kampani za kukodisha watu, kontra fupi, leo uko, kesho wanakuambia usije. Musous-traitant wa Kolwezi akisoma hapa atasema: lakini ni mimi huyu wanaeleza! Ndiyo, ni wewe. Na mu depo hakuna serkle, hakuna fanfare. Mu 1984 mutu akikuuliza kazi yako, ulisema jina la mugodi na kila mutu alijua baba yako. Leo watoto wa kijiji kimoja wanafanya kazi mu kampani kumi tofauti, kwa saa tofauti, na hawaonane.

Hapa njo ninafika kwenye fundo. Juu mutu anaweza kusema: Labour iliwasahau wachimbaji, wakaigeuka, na hadisi imekwisha. Hapana. Si nyepesi vile. Labour iliporudi mu serikali mwaka 2024, ilifanya jambo moja ambalo wachimbaji wa zamani walililia miaka 30. Toka 1994, serikali ilikuwa inakamata nusu ya faida ya kashe ya pensheni ya wachimbaji, kwa kusema inaidhamini. Mu mwezi wa kumi 2024 serikali ya Labour iliwarudishia pauni bilioni 1.5, na pensheni ya watu 112,000 ikapanda kwa asilimia 32. Bandugu wa retrete, soma tena: asilimia 32! Mimi ningepigania kitu sawa hiki hapa mupaka nikose sauti. Na bado, miezi sita tu nyuma yake, mu muji wa wachimbaji, Labour ilibaki na viti 12 kati ya 55.

Juu ya nini? Kwa mawazo yangu, kuna mambo mawili ao matatu, na la kwanza ni dogo sana ukiliangalia toka mbali. Serikali ile ile, mu mwezi wa saba 2024, ilitangaza kuondoa pesa ambazo wazee wote walikuwa wanapata kila mwaka wa baridi juu ya kupasha nyumba moto. Ni pauni 200 ao 300 kwa mwaka. Ikaiachia maskini wa mwisho tu, na wazee karibu milioni 10 wakaikosa. Waziri alisema kashe ni tupu. Mutu wa ofisi aliona ni hesabu ya kutoa. Lakini mutu aliyechimba makaa miaka 30, mapafu yake yamejaa vumbi, unamukatalia moto? Mimi sijaona namna kubwa ya kutukana kupita ile. Serikali ilikuja kurudi nyuma mu mwezi wa sita, kisha kura. Wazee wenye mapato mupaka pauni 35,000 kwa mwaka wakarudishiwa. Walikuwa wamekwisha kujibu, mu sanduku.

Mama Ros Jones mwenyewe, usiku ule wa ushindi wake mwembamba, hakuimba nyimbo za furaha. Alisimama pale pale na kusema kwa sauti kwamba serikali ya chama chake haisikilize watu wa njiani, na alitaja ile pesa ya moto, na kodi mupya juu ya wenye kuajiri, na musaada wa wagonjwa na vilema. Ninamuheshimu. Delege wengi wa hapa, wakishinda kwa kura 698, wangesema ni mapenzi makubwa ya watu.

Jambo la pili ni kuchoka. Labour ilikuwa mu kila kiti muda murefu, na kila kitu kibaya kikawa cha Labour. Uwanja wa ndege wa Doncaster ulifungwa mu 2022, si baraza lililoufunga, na meya anapigana uanze tena. Haizuru, mutu anaona mulango umefungwa. Toka 2010 serikali za Conservative London zilikata sana pesa za mabaraza, na sehemu kubwa ya ile inayobaki inaliwa na matunzo ya wazee na watoto wenye shida. Njia ikibaki na mashimo, mupiga kura haombe kuona bajeti. Anaangalia nani alikuwa anakaa kwenye kiti.

Na wengine hawakuenda kupiga kura kabisa. Hapa ninapenda tusimame kidogo, sababu magazeti yanaandika «Doncaster imechagua Reform» sawa vile muji wote uliimba wimbo moja. Kati ya watu watatu wenye haki ya kupiga kura, kama mumoja tu njo alienda. Ros Jones alipata karibu theluthi moja ya ile kura. Maana yake meya wa muji alichaguliwa na kama mutu mumoja kati ya kumi. Kwao hakuna duru ya pili: mwenye kura mingi, hata moja tu, anakwenda na kiti. Siku ile ile mu Runcorn, mahali pengine, Reform ilipata kiti cha bunge kwa tofauti ya kura 6. Sita! Familia yangu peke yake ni zaidi.

Jambo la tatu ni wageni, na hapa nitasema wazi, hata kama wamoja mu sendika hawatapenda. Reform ya Nigel Farage inauza neno moja kupita yote: shida yako inatoka kwa mutu aliyekuja na mutumbwi. Kazi yako, nyumba yako, daktari wako, yeye njo alikamata. Mu mwezi wa nane 2024, ku Manvers, karibu na Doncaster, watu walizunguka hoteli iliyokuwa na waomba ukimbizi ndani na wakajaribu kuichoma. Ile hoteli iko mahali pa mugodi wa zamani. Fikiria: wajukuu wa wachimbaji, juu ya shimo la babu yao, na moto mukononi. Si wote, wala si wengi. Lakini walikuwa pale. Na tuko na bandugu zetu Wakongo mu Uingereza, wamoja wanafanya kazi mu madepo sawa ile, wengine wanatunza wazee kwenye vitanda. Hawakufunga mugodi hata mumoja.

Sisi watu wa Katanga hatuwezi kusema hatujue wimbo huu. Mu 1992 na 1993 tuliambiwa kwamba taabu yetu yote inatoka kwa jirani wa Kasaï. Nilikuwa mutoto. Ninakumbuka stesheni ya Likasi: familia mingi zimelala inje na masufuria na magodoro, zinangojea treni isiyokuja, na ndani yao fundi aliyemufundisha baba yangu kazi. Waliondoka. Tulipata kazi zao? Mugodi ulishuka zaidi, shaba ikaanguka, mushahara ukakawia miezi na miezi. Yule fundi hakurudi, na mashini yake hakuna mutu aliyeweza kuitengeneza. Kwa hiyo nikisikia kwamba muji wa wafanyakazi umenunua ile dawa, sicheki na sishangae. Ninajua bei yake.

Tena tuangalie Reform inataka nini kwa mufanyakazi. Mu bunge, wabunge wao walipinga sheria mupya ya haki za wafanyakazi. Siku moja nyuma ya kura, ku Durham, muji mwingine wa wachimbaji ambao Reform iliukamata, Farage aliwaambia wafanyakazi wa baraza wenye kufanya mambo ya hali ya hewa ao ya usawa, ao wanaofanya kazi toka nyumbani, watafute kazi ingine. Njo neno lake la kwanza kisha kushinda: kufukuza watu kazini. Mu inchi nzima walipata washauri 677 na mabaraza 10. Sasa watapashwa kuendesha takataka, mashule na wazee, na pesa ni zile zile. Tutaona.

Mu Doncaster yenyewe kuna mutego, na wenye kupenda hesabu watafurahi. Meya anachagua timu yake na anapanga bajeti, baraza haliwezi kumutoa. Lakini washauri wanaweza kubadilisha bajeti yake kama theluthi mbili wanapatana. Theluthi mbili ya 55? Kura 36 hazitoshi, 37 zinatosha. Reform ilipata 37 kamili. Mushauri mumoja akigombana na wenzake na kupiga kura tofauti nao, bajeti ya mama Jones inapita. Meya mumoja ana ufunguo na wapinzani wake wana mulango.

Kati ya mabaraza yote yaliyopigiwa kura siku ile, Doncaster peke yake Labour ilikuwa na wingi wa viti, na ni ile peke yake ilikuwa na ya kupoteza. Ikaipoteza.

Na sendika? Njo swali lililonifanya niandike. Ile tawi la reli la 1899, wajukuu wake walikuwa wapi? Sendika ziko Uingereza, zina ofisi na avoka na pesa. Lakini mu depo hazikuingia sana, na mu kijiji, tangu serkle ilipofungwa mulango, mutu wa sendika haonekane tena jioni. Chama kilibaki na jina la Kazi, na watu wa kazi hawakuwa tena mu chumba. Mutu wa Reform alipogonga mulango, alikuwa wa kwanza kugonga kisha miaka mingi. Hakuwa na jibu zuri. Alikuwa pale tu.

Nisihukumu mbali sana. Sisi tulipiga kura tarehe 20 ya mwezi wa kumi na mbili 2023. Wakati tulipoguza ile mashini juu ya rais na wadepite, mu makomini ya miji mikubwa ya majimbo, Lubumbashi na Kolwezi ndani, tulichagua pia washauri wa komini. Ilikuwa mara ya kwanza toka katiba ya 2006. Wengi wetu tuliguza picha ya mutu tuliyemuona sura nzuri, tukatoka, tukasahau. Mimi mwenyewe, delege, nilipoulizwa juzi mushauri wa komini yangu ni nani, nilitaja jina la mutu aliyeshindwa.

Wakati ule ule, kodi ya mugodi ya 2018 inasema wazi: kwa kila pesa ya redevansi ambayo kampani inalipa, asilimia 50 inakwenda Kinshasa, 25 kwa jimbo, 10 kwa kashe ya siku za kesho, na 15 kwa komini, sekteri ao shefferi ile ambayo shimo liko ndani yake. Kumi na tano. Si zawadi, ni sheria. Ile 15 njo bomba ya yule muzee. Tunaweza kusimamisha kazi juu ya mposho, na tuko na haki, lakini sijaona hata siku moja sendika ikituma delege wawili kukaa mu kikao cha komini na kuuliza: ile 15 ya mwaka jana ilinunua nini? Tunapigana na kampani juu ya mulango wa mugodi, kisha tunaacha mulango wa komini wazi, na mutu yeyote anaingia na mufuko.

Mukutano wa sendika yetu ni mwisho wa mwezi. Nimeomba jambo moja liwekwe kwenye orodha, na limekubaliwa, hata kama wamoja walinuna. Kila delege atakuja na jina la mushauri wa kata yake ao la mukuu wa sekteri yake, namba ya simu yake, na siku ambayo wanafanya kikao. Bamama wa kambi nao wanaalikwa, sababu njo wao wanachota maji. Asiyekuwa na jina, asimame mbele na aseme hana. Mimi nitaanza, juu langu nimekwisha kulitafuta, na nilipomupigia alishituka: alisema ni mara ya kwanza mutu wa mugodi kumuita.

Muzee wa bomba amesema atakuja. Ameomba tu kiti, juu ya magoti yake.